Muhogo Nao Ulikuja: Historia ya Chakula Tunachokiita cha Kwetu

Hati ya kipindi cha redio. Kwa kusomwa hewani na katika vikundi vya wasikilizaji.

[SAUTI: Mchi unatwanga kwenye kinu. Watoto wanacheka kwa mbali. Sauti inashuka taratibu, inabaki chini ya maneno.]

MTANGAZAJI:



Sauti hiyo unaijua. Ni mchi na kinu, na kinachotwangwa ni majani ya muhogo. Mkongomani wa mashariki atasema hiyo ni sombe. Aliyekulia Kinshasa atasema pondu. Mrundi na Mnyarwanda watasema isombe. Mtanzania atasema kisamvu. Kila mmoja wetu atakuambia kwa moyo mmoja kwamba hicho ni chakula cha kwao, na mama yake ndiye aliyekuwa akikipika vizuri kuliko wote.

Leo tunazungumzia historia ya chakula hicho. Naomba nianze na jambo nililoliona kwa macho yangu.

Siku moja nilikuwa nimeketi uani kwa bibi mmoja kambini. Mjukuu wake, binti wa miaka 14 aliyezaliwa hapo hapo kambini, alikuwa akiutoa muhogo mchungu majini ili auanike. Ulikuwa umelala majini usiku mmoja tu. Wadogo zake walikuwa na njaa, na unga wa mgao ulikuwa umekwisha kabla ya siku ya mgao kufika. Bibi akamwambia, "Rudisha majini." Binti akauliza, "Kwa nini, Bibi?" Bibi akajibu, "Ndivyo tulivyofundishwa."

Binti aliurudisha, lakini usoni niliona kwamba jibu lile halikumtosha. Hata mimi halikunitosha. Swali lake ni zuri, na jibu lake linaanzia mbali sana, ng'ambo ya bahari.

[MUZIKI: Ngoma na zeze, sekunde 10.]

SEHEMU YA 1: KABLA YA MUHOGO

Msikilizaji, kuna jambo ambalo huenda likakushangaza. Miaka 600 iliyopita, hakuna mtu yeyote katika bara letu la Afrika aliyekuwa akila ugali wa muhogo. Hakukuwa na sombe. Hakukuwa na ugali wa mahindi. Hata haya maharage ya kawaida ambayo Mrundi hawezi kuyakosa mezani, hayakuwepo. Yote hayo yametoka Marekani ya Kusini na ya Kati.

Basi mababu walikula nini? Walikula mtama, ambao ni mmea wa Afrika tangu asili, uliolimwa kwanza pande za Sudan miaka maelfu iliyopita. Walikula ulezi. Walikula kunde na viazi vikuu. Walikula ndizi, ambazo nazo zilikuja zamani sana kutoka Asia zikapendwa hadi zikawa kama zimezaliwa hapa. Na waliokaa kando ya maziwa walikula samaki.

Mtama huo huo ulikuwa pia kinywaji. Warundi wanaijua impeke, pombe ya mtama inayowekwa katika chungu kimoja, watu wakakizunguka kila mmoja na mrija wake. Usiponywa na wenzako kwenye chungu kile, watu watajiuliza kuna ugomvi gani. Hapo tunaona jambo moja la zamani: chakula na kinywaji vilikuwa njia ya watu kusema, "sisi na ninyi tuko salama."

SEHEMU YA 2: MGENI KUTOKA NG'AMBO

Muhogo asili yake ni Marekani ya Kusini, katika nchi ambayo leo inaitwa Brazil, pembezoni mwa msitu mkubwa wa Amazon. Wenyeji wa huko waliulima maelfu ya miaka kabla ya meli yoyote ya Ulaya kufika. Walijua kwamba muhogo mchungu una sumu. Kwa hiyo waliukuna, wakaujaza katika kikapu kirefu kilichosukwa, wakakivuta na kukikamua mpaka maji yote yatoke, kisha wakaukaanga unga wake juu ya moto. Maji yaliyokamuliwa hawakuyanywa hivi hivi. Waliyachemsha kwa muda mrefu. Hata majani yake yanapikwa huko hadi leo, katika chakula kinachochemshwa siku kadhaa mfululizo kabla ya kuliwa.

Katika karne ya 16, Wareno waliuleta muhogo katika pwani ya magharibi ya Afrika, pamoja na mdomo wa mto Kongo. Tusifiche ukweli: ilikuwa ni biashara ya watumwa. Meli zilivuka bahari zikiwa zimejaa watu waliofungwa, na unga wa muhogo ulikuwa miongoni mwa vyakula vya safari hizo. Chakula hiki kinachotufariji jioni kiliingia barani mwetu kwa njia ya machozi.

Kutoka mdomo wa mto, muhogo ulipanda bara polepole. Haukuhitaji meli tena. Ulibebwa na watu. Kipande cha shina chenye urefu wa kiganja kinatosha. Unakifunga ndani ya kitambaa, unatembea siku nyingi, unakichomeka ardhini, kinaota. Upande wa pili, kwenye pwani yetu ya mashariki na visiwa vyake, muhogo ulienea hasa katika karne ya 18. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ikawa inapita kutoka pwani hadi Tabora, hadi Ujiji, kisha kuvuka ziwa Tanganyika hadi Nyangwe na Kasongo katika Maniema. Misafara ile ilibeba pembe za ndovu na watumwa. Ilibeba pia mbegu. Mpunga wa Maniema uliletwa na wafanyabiashara hao wa Kiswahili na Kiarabu.

Sasa jiulize: kwa nini watu waliupokea muhogo, wakati walikuwa na mtama wao?

Sababu moja ni kwamba muhogo unangoja. Mtama ukikomaa lazima uvunwe, na ukiuweka ghalani, adui atakuja kuubeba au kuuchoma. Muhogo unakaa ardhini mwaka mzima, hata miwili. Watu wakisikia vita wanakimbilia porini. Wakirudi baada ya miezi, nyumba imechomwa, mbuzi wamechukuliwa, lakini chini ya ardhi chakula bado kipo. Ulikuwa ni mmea wa watu wanaokimbia na kurudi. Nadhani katika wasikilizaji wangu wapo wengi ambao hawahitaji kuelezwa zaidi.

SEHEMU YA 3: MUHOGO WA AMRI

Wakaja wakoloni. Baada ya njaa kubwa ya mwaka 1928 na 1929 nchini Rwanda, utawala wa Ubelgiji katika Ruanda-Urundi uliwalazimisha watu kulima mazao ya akiba, na muhogo ulikuwa mmojawapo. Katika Kongo ya Wabelgiji kilimo cha lazima kilikuwa kimeanza mwaka 1917. Upande wa Tanganyika, Waingereza nao walitoa amri za kupanda muhogo kama kinga ya njaa.

Wazee wengi waliuchukia muhogo ule wa amri. Asiyelima alitozwa faini, au aliadhibiwa kwa njia nyingine. Kwa mtu aliyezoea maharage na mtama, muhogo ulikuwa chakula cha kulazimishwa. Lakini wajukuu wao ndio leo wanaolia wakiukosa. Hivi ndivyo chakula kinavyogeuka. Mama anaupokea muhogo kwa shingo upande, anautafutia namna ya kuupika upendeze, mtoto anakula kwa furaha, na mtoto wa mtoto anasema, "Hiki ni chakula cha kwetu tangu zamani."

[SAUTI: Mchi unarudi, pigo tano, unanyamaza.]

SEHEMU YA 4: PALE UJUZI ULIPOKATIKA

Sasa turudi kwa yule binti na muhogo wake wa usiku mmoja.

Muhogo mchungu una kitu ambacho kikivunjwa kinatoa sumu ya sianidi. Wahenga wetu hawakulijua jina hilo, lakini walijua dawa yake. Waliuloweka muhogo siku 3, 4, mpaka ulainike na kuanza kunukia uchachu, wakaumenya, wakauanika juani hadi ukauke kabisa, ndipo wakatwanga unga. Maji na siku ndivyo vinavyoondoa sumu. Siku zile 3 zina kazi.

Tunajuaje? Tunajua kwa sababu ya yaliyowapata watu mahali ambapo siku hizo zilipunguzwa.

Mwaka 1938, daktari Giovanni Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa ajabu aliouona Kwango, kusini-magharibi mwa Kongo. Mtu alilala mzima, akaamka miguu yote miwili imekakamaa, hawezi kutembea sawasawa tena. Akili yake ilikuwa timamu, lakini miguu haikurudi. Wayaka wa huko waliuita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Waliopatwa zaidi walikuwa watoto, na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Mwaka 1981, katika jimbo la Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, ukame ulikausha kila kitu isipokuwa muhogo mchungu. Na muhogo ukipigwa na ukame, sumu yake inaongezeka. Watu walikuwa na njaa, hawakuweza kungoja. Zaidi ya watu 1,000 walipooza miguu. Mwaka 1985 ugonjwa huo ulitokea Tarime, Tanzania, nako wakati wa ukame.

Na mahali pengine sababu haikuwa njaa peke yake. Katika Bandundu, Kongo, barabara ya lami ya kwenda Kinshasa ilipojengwa, muhogo ukawa mali. Malori yalipita yakitafuta mzigo. Baadhi ya familia zikafupisha siku za kuloweka ili ziuze haraka. Ugonjwa ukaingia vijijini.

Ugonjwa wa konzo hauna dawa ya kuurudisha mguu kama ulivyokuwa. Una kinga tu. Kinga yenyewe ndiyo ile aliyoisema bibi: rudisha majini.

Kwa hiyo, msikilizaji, muhogo ulivuka bahari, lakini chombo cha kukamulia cha watu wa Amazon hakikuenea kwetu. Mama zetu walitafuta njia yao wenyewe: mto, dimbwi, mtungi, jua na subira. Hakuna aliyeandika kitabu. Ujuzi ulipita kutoka mkono wa mama hadi mkono wa binti, kazini, uani. Ukikatika mahali pamoja, hatari inaingia hapo hapo. Na sisi tulio kambini tunajua jinsi mambo yanavyokatika: bibi yuko kambi hii, binti yuko nchi ile, kinu kiliachwa njiani, kuni ni chache, na kuzitafuta kuna hatari zake.

SEHEMU YA 5: MAJIRANI NDANI YA SAHANI

Tusiondoke bila kutazama vingine vilivyo kwenye sahani, maana muhogo hauliwi peke yake.

Kwanza chumvi. Si mbali sana na kambi ya Nyarugusu, huko Uvinza karibu na mto Malagarasi, kuna chemchemi za maji ya chumvi. Wachimbaji wa mambo ya kale wameonyesha kwamba watu wamekuwa wakichemsha maji hayo na kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Chumvi ya Uvinza ilibebwa hadi kwa Waha, hadi Burundi, na kuvuka ziwa kwenda upande wa Kongo. Kabla mipaka haijachorwa, chungu cha Mrundi na chungu cha Mbembe vilikolezwa na chumvi ya Uvinza.

Pili mawese. Mchikichi ni mti wa Afrika yenyewe. Unaota Kigoma, unaota Rumonge, unaota Uvira na Fizi. Wageni walioandika juu ya soko la Ujiji katika karne ya 19 walikuta mawese, chumvi na samaki vikibadilishwa na watu wa pande zote za ziwa. Wekundu wa mawese ndio unaoupa mwili vitamini A, inayolinda macho ya watoto.

Tatu ndagala, ambao Watanzania huwaita dagaa. Ziwa Tanganyika limewalisha watu kwa samaki hawa tangu enzi. Huvuliwa usiku kwa mwanga. Zamani ulikuwa mwanga wa mienge ya matete, baadaye karabai. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanapumzika, kwa sababu samaki hawaifuati tena taa.

Na kuna habari moja ya ndagala ambayo mimi huipenda. Ziwa Kivu halikuwa na samaki wa namna hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 walichukuliwa ndagala wa aina moja kutoka ziwa Tanganyika, wakatiwa ziwa Kivu. Walizaana, wakalijaza ziwa. Leo watu wa Goma, Bukavu, Gisenyi na Kibuye wanawaita sambaza, na mtoto wa Bukavu atakuapia kwamba sambaza ni samaki wa kwao. Ni wa kwao kweli. Wamehama, wamezaliana, wamekuwa wenyeji.

Tena ndagala si pambo la sahani. Wataalamu waliochunguza konzo waligundua kwamba mwili unahitaji protini ili kuiondoa sumu kidogo inayobaki kwenye muhogo. Familia iliyokula muhogo mtupu ndiyo iliyodhurika zaidi. Maharage kidogo, au konzi moja ya ndagala, ni kinga. Mama aliyesema "ugali hauliwi bila mboga" alikuwa anajua anachosema.

[MUZIKI: Unapanda kidogo, unashuka.]

SEHEMU YA 6: TUPIKE

Historia imetosha, sasa tuingie jikoni. Sombe ya nyumbani kwetu, upande wa Uvira, haina mambo mengi.

Chuma majani machanga. Yaoshe. Yatwange mpaka yalainike kabisa, maana kutwanga kunaisaidia sumu itoke. Yatie kwenye sufuria na maji, uyachemshe bila kufunika. Mama yangu alikuwa mkali hapo: "Acha ipumue!" Mvuke unaotoka unaondoka na sumu. Endelea mpaka ile harufu ya ubichi ipotee na majani yalainike. Kisha tia kitunguu, nyanya chungu au bilinganya kama ipo, na ndagala waliooshwa mchanga. Malizia kwa mawese na chumvi. Ukikosa mawese, mafuta ya mgao yanafaa. Mrundi ataongeza maharage, na Mtanzania wa pwani ataweka tui la nazi. Wote wamepika vizuri.

Kama kuni ni chache, pikeni chungu kimoja majirani wawili au watatu, kila mtu alete kuni zake. Maharage yalowekwe tangu usiku, yataiva upesi. Lakini siku za kuloweka muhogo mchungu na muda wa kuchemsha majani, usivipunguze.

Na kama umenunua unga wa muhogo sokoni, hujui uliandaliwaje, iko njia ambayo imefundishwa katika vijiji vya Kwango vilivyopatwa na konzo. Changanya unga na maji kidogo uwe tope zito. Utandaze juu ya beseni pana au karatasi safi, usizidi unene wa sentimita 1. Uache juani saa 2, au kivulini saa 5. Kisha songa ugali wako siku hiyo hiyo. Ladha haipotei, na sumu nyingi inaondoka.

[SAUTI: Sahani, vicheko, mtu anasema "karibuni chakula".]

Siku ya nne nilirudi kwa yule bibi. Muhogo ulikuwa umelainika, binti anaumenya, maganda yanatoka yenyewe. Nilimsimulia habari hii niliyowasimulia ninyi: Amazon, meli, misafara, amri za wakoloni, miguu iliyofungwa ya Kwango. Alisikiliza akiwa anafanya kazi. Kisha akamgeukia bibi yake akasema, "Kumbe ulikuwa sahihi." Bibi akacheka. "Mimi nilikuwa sahihi, wewe sasa unajua sababu. Utamwambia mwanao."

Binti huyo hajawahi kuiona Kongo. Huenda ataiona, huenda hataiona, nasi tunamwombea mema. Lakini ule muhogo aliomenya, yule aliyemfundisha, na ule mchi alioutwaa baada ya kunawa mikono, vyote hivyo ni vya kwao. Wazee wake waliupokea mmea wa kigeni, wakajifunza kuishi nao, wakaufanya uwe mtamu. Yeye naye yumo katika kazi hiyo hiyo.

MASWALI KWA VIKUNDI VYA WASIKILIZAJI

1. Ni chakula gani cha nyumbani ambacho watoto wako hawajawahi kukiona kikipikwa? Nani kambini anajua kukipika?
2. Wewe huloweka muhogo siku ngapi? Nani alikufundisha, na je, alikuambia sababu?
3. Ni chakula gani ulichojifunza kwa jirani wa nchi nyingine tangu ulipofika kambini?
4. Majirani wanaweza kusaidianaje kuni na vyombo ili mtu asilazimike kupika kwa haraka?

Leo jioni, kabla hujapakua, mwite mtoto mmoja karibu na sufuria. Mwonyeshe, na umwambie kwa nini.

[SAUTI: Mchi na kinu. Unatwanga, unatwanga, unafifia.]